Msituchagulie mashine ya kuoshea gari kwa wingi wa baa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoitoa Jumamosi iliyopita kuhusu mashine za presha za kuoshea magari nyumbani. Picha zilikuwa nzuri, jedwali limepangwa vizuri, nami niliisoma mara mbili. Lakini mwandishi wenu amezipanga zile mashine saba kwa baa za presha peke yake, akaiweka yenye baa 200 kileleni na yenye baa 100 mkiani, kisha akatushauri tununue ya juu kadiri mfuko unavyoruhusu. Hapo nilivua miwani.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Nimestaafu sasa, lakini kwa miaka 27 mikono yangu ilikuwa ndani ya pampu: za visima, za matangi, za kupandisha maji kwenye majengo marefu. Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kudanganywa na pampu iliyovikwa ganda la plastiki na kuwekewa magurudumu mawili. Wapi! Mganga hajigangi. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mashine iliyoandikwa "baa 200" ubavuni kwa tarakimu ndefu kama kidole changu, na wiki ya pili tu nikabandua rangi ya bampa la gari la binti yangu, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Bampa lile liliwahi kukwaruzwa na kupulizwa rangi upya. Pembeni palikuwa na tundu dogo lililoachwa na kokoto, dogo kiasi kwamba sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimefunga nozeli (ncha ya kutolea maji) nyembamba na kusogea karibu, maana kulikuwa na wadudu waliokaukia pale mbele. Maji yakaingia chini ya ule ukingo, rangi ikainuka kama lebo ya chupa iliyolowa. Binti yangu alitoka nje, akatazama, akasema, "Baba, nilikuomba ulioshe, si ulichune." Sikuwa na jibu.

Jioni ile niliipindua mashine nikasoma kibati kilichobandikwa chini yake, jambo ambalo ningelifanya dukani kama ingekuwa pampu ya kisima. Hayo niliyoyasoma ndiyo yamenifanya niwaandikie.

Tuanze na baa yenyewe. Ni kipimo cha presha, na baa moja inakaribiana na presha ya hewa inayotuzunguka. Ni sawa na PSI 14.5 (PSI ni kipimo kingine cha presha, pauni kwa inchi ya mraba), kwa hiyo boksi linalotangaza PSI 1,600 linasema baa 110 tu. Wapo wanaopenda kuandika PSI kwa sababu namba inavimba. (Kiswahili kina baa nyingine, ile ya maafa. Siku ile zilikutana zote mbili kwenye bampa.)

Boksi langu lilidai mambo matatu: baa 200, lita 10 kwa dakika, wati 1,800. Sasa kuna hesabu moja ambayo kila fundi wa pampu anaijua. Zidisha baa kwa lita za dakika moja, gawanya kwa 600, na utapata kilowati ambazo maji yale yanahitaji yakitoka kwenye pampu. Mara 200 kwa 10 ni 2,000. Gawanya kwa 600, unapata 3.3. Kilowati 3.3 ni wati 3,300. Na mota nzima inakula wati 1,800! Pampu ingetoa nguvu nyingi kuliko inazoingiziwa. Kama ingekuwa kweli, ningeacha kuosha magari nikauza umeme.

Namba zote mbili huenda si za uongo zikisimama peke yake, na ndio ujanja wenyewe. Baa 200 ni kilele, presha ya juu kabisa ambayo pampu inaweza kuifikia au kuistahimili kwa kitambo, wakati maji yamebanwa. Lita 10 ni maji yanayopita pale yasipobanwa na kitu. Mtu anaweza kukwambia kwamba anabeba gunia la kilo 100, na kwamba anakimbia. Muulize kama anakimbia akiwa amelibeba. Kibati cha chini kilisema ukweli kwa herufi ndogo: presha ya kazi baa 120, maji ya kazi lita 6 kwa dakika. Fanyeni hesabu tena: 720 gawanya kwa 600 ni kilowati 1.2. Mota ya wati 1,800 inaweza kutoa hizo, theluthi iliyobaki ikapotea kwenye joto, kelele na msuguano. Hapo namba zinakaa.

Kwa hiyo mashine yangu ya "baa 200" ilikuwa ya baa 120, na bado ilitosha kuchuna bampa. Nafikiri hili peke yake linalivunja jedwali lenu. Namba mliyoipanga kwa mkubwa na mdogo si namba inayofika kwenye gari, na hata ile inayofika haina faida ikizidi. Gari si sakafu ya zege wala ukuta wenye kuvu. Ni rangi nyembamba juu ya bati au plastiki, na unachotaka kuondoa ni vumbi, tope na povu. Presha ya kazi ya baa 90 hadi 120 inatosha kabisa. Mashine za injini ya petroli zenye PSI 3,000 ni za kazi nyingine. Ukizipeleka kwenye gari unawinda sisimizi kwa rungu.

Kinachofaa kutazamwa kabla ya baa ni zile lita. Presha inang'oa uchafu, lakini wingi wa maji ndio unaoubeba na kuushusha chini. Mashine yenye presha kali na lita 4 kwa dakika itakuchosha: unapita mlangoni, tope linahama kutoka juu kwenda katikati, unapita tena, linahama tena. Kwa lita 6 au 7 linashuka mara moja. Vimashine vya betri, vile vinavyovuta maji kwenye ndoo, vingi havifiki hata lita 4, na presha yake ni ndogo sana. Sivilaumu. Vinafaa kwa baiskeli na kwa mtu asiye na soketi karibu, ila visiitwe mbadala wa mashine ya umeme.

Msomaji asidhani lita 7 ni ufujaji. Nimepima kwangu kwa ndoo na saa. Mpira wa kawaida ulioachwa wazi unatoa lita 15 kwa dakika, na mtu anayeosha kwa mpira hauzimi. Anausokota kwa mkono akipangusa. Bunduki ya mashine, yaani mpini wa kubana unaotoa maji, ukiiachia, maji yanakata. Gari la binti yangu naliosha kwa dakika kama 8 za kubana bunduki, jumla, yaani lita zisizozidi 50. Kwa mpira nilikuwa nikimaliza ndoo kubwa saba na zaidi.

Ndoo na saa hizo zinafaa pia kabla hujaenda dukani. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba lako, fungua hadi mwisho, hesabu. Ikijaa kwa dakika 2, bomba lako linatoa lita 10 kwa dakika, na mashine ya lita 6 au 7 itashiba. Ikichukua dakika 5, una lita 4 tu, na hapo mashine ya lita 7 itakuwa inanyonya utupu. Nimefungua pampu nyingi zilizokufa kwa njaa ya maji. Ndani yake panatokea vijipovu vya mvuke vinavyopasuka kwa nguvu, unasikia sauti kama changarawe inayozunguka kwenye debe, na baada ya muda chuma kinaonekana kama kimeliwa na mchwa. Mwenye bomba hafifu atafute mashine inayoweza kunyonya kutoka kwenye pipa au tangi, na aulize wazi, kwa sababu si zote zinazoweza. Zile zinazoweza zinahitaji mpira wake wa kunyonyea, ulio mgumu usiojibana, wenye chujio mwishoni. Ujaze maji kwanza mpira huo kabla ya kuwasha. Mashine isiwashwe kavu hata kwa kujaribu dukani! Sili zake, yaani vizibo vinavyozuia maji kuvuja, zinalainishwa na maji yaleyale ambayo pampu inayasukuma; ukavu unaweza kuzichoma.

Nikirudi kwenye bampa: kosa langu halikuwa la presha peke yake. Nozeli nyingi zinazochomekwa zina rangi za utambulisho, na rangi hizo zina maana. Nyekundu ni ya nyuzi 0, yaani pembe ambayo maji yanatandaa yakitoka: mchirizi mmoja kama sindano. Hiyo iache ndani ya boksi. Njano ni nyuzi 15, kijani ni 25, nyeupe ni 40, nyeusi ni ya sabuni. Siku ile nilifunga njano. Sasa tazameni umbali unavyofanya kazi. Nozeli ya kijani ukiishika sentimita 30 kutoka kwenye gari, maji yanatandaza upana wa kama sentimita 13. Ukiisogeza hadi sentimita 10, upana unabaki sentimita 4 na ushee. Maji ni yaleyale, nguvu ileile, lakini imeminywa kwenye theluthi ya upana. Kwa hiyo mtu mwenye mashine ya baa 100 aliyesogea karibu anaweza kuumiza rangi kuliko mwenye 130 aliyesimama mbali. Mimi sasa natumia nyeupe kwenye bodi na kijani kwenye rimu na chini ya matao ya magurudumu, basi. Ile nozeli inayozungukazunguka, ambayo mwandishi wenu ameisifu kwamba "inasaga uchafu", ni ya zege. Inasaga na rangi pia.

Tairi nalo lisogelewe kwa adabu, lisikaribiwe chini ya sentimita 30, kwani mpira wa ubavuni unaweza kuumia ndani bila alama kubwa nje. Mapezi ya rejeta hupinda yakipigwa kwa karibu. Na kwenye gari lenye rangi iliyopulizwa upya, stika, au ufa wowote kwenye rangi, pitisha maji kwa mshazari na kwa mbali. Usielekeze kwenye ukingo. Hilo nimelilipia.

Mota. Hapa makala yenu haikusema lolote, na ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya mashine na mashine. Nyingi za bei nafuu zina mota ya brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka): nyepesi, yenye makelele ya kukera, na brashi zake huisha. Nyingine zina mota ya induksheni, isiyo na brashi: nzito, yenye sauti ya chini, na inavumilia kazi ndefu. Muuzaji asipojua, inue. Uzito haudanganyi kirahisi, wala masikio. Kwa mtu anayeosha gari moja kila baada ya wiki mbili, ya brashi itamfaa miaka mingi, mradi brashi za akiba zipatikane. Kwa mwenye magari matatu na wajukuu wanaopenda kuchezea maji, atafute induksheni. Kisha aulize kichwa cha pampu ni cha nini. Plastiki hupasuka, alumini ni ya wastani, shaba njano hudumu zaidi, na sitegemei neno "chuma imara" lililoandikwa kwenye boksi bila kuitaja metali yenyewe.

Niwasimulie na la viunganishi, maana liliniaibisha mbele ya mkwe wangu. Nilinunua mpira mrefu wa mita 10 kuchukua nafasi ya ule wa mita 5 uliokuja na mashine, mgumu, unaojikunja kama waya na kuburuta mashine nyuma yangu. Uzi wa kufungia ulikuwa M22, yaani wa kipenyo cha milimita 22, na wa mashine ulikuwa M22. Ukafunga vizuri kabisa. Nikawasha, maji yakanirukia usoni. Nikafungua, nikafunga, nikabadili oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, nikafunga tena, mkwe wangu akanishikia taa akiwa kimya kwa heshima. Kumbe kuna M22 mbili: pini ya katikati ya moja ni milimita 14, ya nyingine ni milimita 15. Uzi wa nje ni uleule, jicho halioni tofauti, na oringi haizibi. Nendeni na kipimo cha kalipa dukani, au nendeni na kiunganishi chenyewe mfukoni. Zipo pia mashine zenye kiunganishi cha kubofya cha kampuni moja tu, kisichokubali cha mtu mwingine. Ukivunja bunduki yake unairudia kampuni ileile au unaitupa mashine. Mimi mashine isiyo na oringi, sili na bunduki za kununua pembeni siigusi, hata ikiuzwa nusu.

Umeme nitausema kwa ufupi, ingawa ndio unaoua. Mota ya wati 1,800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8. Ekstensheni nyembamba ya taa na redio haiwezi, na ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake inapashana joto hadi inayeyuka, kwa hiyo inyoshwe yote. Maungio yasilale kwenye dimbwi. Soketi iwe na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Kama nyumba haina, hiyo inunuliwe kabla ya mashine.

Na maji yenyewe ni kisu. Mchirizi wa presha ukitoboa ngozi unaacha kidoti kama cha sindano, mtu anacheka, anaendelea na kazi, kumbe ndani maji machafu yamepasua nyama na kusambaa kidoleni. Hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, na kumwambia daktari kwamba ni maji ya presha, si mkwaruzo. Makala yenu ilikuwa na picha ya mtoto aliyevaa ndala akiishika bunduki huku baba akiosha miguu yake chini ya maji hayo. Picha ilipendeza. Msiichapishe tena.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Nilidhani mashine itaniondolea kazi ya kupangusa. Haiondoi. Hata ukipiga maji hadi tope lote lishuke, gari likikauka linabaki na utando mwembamba wa kijivu unaoandikika kwa kidole, na utando huo unatoka kwa kuguswa tu. Watu wanaouona huongeza presha na kusogea karibu. Nadhani magari mengi yanachubuliwa hivyo. Faida halisi ya mashine ni kwamba inaondoa mchanga kabla hujagusa. Mchanga uliobaki ndio unaokwaruza rangi pale unapopangusa, ukaacha ile michirizi ya duara inayoonekana juani kama utando wa buibui. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: maji kwanza, kutoka juu kwenda chini, povu la shampuu ya gari, si sabuni ya kufulia wala ya vyombo, naliacha kidogo bila kulikausha, maji tena. Ndipo naingiza glovu laini, nikiwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glovu ili mchanga ubaki humo. Magurudumu yana kitambaa chake. Nafanya kivulini, bodi ikiwa imepoa.

Nikimaliza nazima mashine, nafunga bomba, nabana bunduki mpaka presha iliyobaki iishe, ndipo nafungua mipira. Kabla ya kuzima simuachi mtu akaenda kupiga soga wakati mashine inaunguruma na bunduki imeachiwa. Zenye kujizima zenyewe zitapumzika, lakini zile zisizojizima zinazungusha maji yaleyale ndani ya pampu hadi yanachemka, na sili zinaondoka nayo.

Binti yangu alinunua yake mwezi uliopita. Hakuniuliza, alikwenda na simu akapiga hesabu ya 600 kwenye kila boksi, akamsumbua muuzaji apindue mashine nne ili asome vibati. Ameleta ya presha ya kazi baa 100, lita 6.5 kwa dakika, wati 1,600, mota ya induksheni, mpira laini wa mita 8. Katika jedwali lenu ingekuwa ya mwisho. Bampa amelipuliza rangi upya, na mimi nimekatazwa kulikaribia.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkilichapa tena jedwali lile, ongezeni safu mbili: presha ya kazi na lita za kazi, zilizosomwa kwenye kibati cha mashine wala si kwenye boksi. Mwandishi wenu akikosa wa kumshikia tochi akiwa chini ya mashine, mimi niko nyumbani na muda ninao.

Msomaji wenu,
Fundi pampu mstaafu